Kabureta iguswe mwisho: kutafuta kosa na kutega Yamaha ya zamani ya tu-stroki

Yamaha DT 125 na DT 175, AG 100 na YB 100 ni pikipiki za mabwana shamba, misheni na miradi ya vijijini, na nyingi bado zinatembea au zinaweza kutembea tena. Shida ni kwamba mafundi wengi wa leo wamekulia kwenye bodaboda za mipigo minne. Tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili, ikikataa kutulia silensa (kunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta), bisibisi huenda moja kwa moja kwenye kabureta, skrubu inazungushwa huku na huko, na baada ya saa moja pikipiki ni mbovu kuliko ilivyoletwa.

Fuata mpangilio huu: mafuta na oili, kompresheni, moto wa plagi, hewa ya wizi (inayoingia bila kupita kwenye kabureta), ekzosi, halafu ndipo kabureta. Ukifika kwenye kabureta kwa kufuata njia hiyo, mara nyingi utakuwa umeshalipata kosa. Na kama hujalipata, angalau utategea kabureta kwenye injini inayotegeka.

Sababu iko kwenye ujenzi wa injini yenyewe. Tu-stroki haina vali za juu. Pistoni ikipanda, chini yake kwenye chemba ya krenki panatokea uvutaji, na mchanganyiko wa petroli na hewa unaingia. Pistoni ikishuka, inaubana mchanganyiko huo na kuusukuma juu ya pistoni kupitia njia za pembeni za silinda. Kwa hiyo chemba ya krenki ni pampu, na pampu inayovuja haifanyi kazi hata ukiifungia kabureta mpya kutoka dukani. Kwenye DT na AG mlango wa pampu hiyo ni ridi, yaani vibati vyembamba vinavyofunguka kwenda ndani tu. YB 100, sawa na Suzuki A100, hutumia sahani inayozunguka na krenki, na kabureta yake imejificha upande wa kulia wa injini chini ya kifuniko.

Mafuta na oili

Mwaga petroli ya zamani. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa miezi kadhaa huacha gundi ya kahawia kwenye jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, na injini haitawaka vizuri hata ufanye nini. Fungua bomba la petroli juu ya chupa yenye vipimo: ndani ya dakika moja ipatikane mililita 250 au zaidi, ikitoka mfululizo bila kupungua. Ikianza vizuri kisha ikadhoofika, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudia nguvu yake, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Hilo ndilo huizima pikipiki baada ya kilomita chache, kisha ikawaka tena ikipumzishwa kidogo.

Pikipiki hizi zina pampu ya Autolube, ambayo Yamaha ilianza kuitumia miaka ya 1960. Oili hukaa kwenye tangi lake, na pampu huitoa kulingana na kasi ya injini na jinsi mkono wa mafuta ulivyovutwa. Ni pampu imara, ila inataka uangalizi wa mambo matatu: chujio la chini ya tangi la oili lisiwe na matope, kamba ya pampu itegwe ili alama ya puli ilingane na pini kama kitabu cha pikipiki kinavyoeleza, na kusiwe na hewa kwenye mpira wa oili. Mpira huo unaonyesha ndani. Ukiona mapovu, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, acha oili itiririke mpaka mapovu yaishe, kisha funga. Tangi likiwahi kukauka kabisa, kazi hiyo ni lazima kabla ya kupiga kiki.

Kama pampu imeondolewa, au huna uhakika nayo, changanya mwenyewe. Kwa lita 5 za petroli, 1:50 ni mililita 100 za oili, 1:40 ni 125, 1:32 ni 156, 1:25 ni 200. Kwa oili nzuri ya kisasa na injini hizi zinazopozwa na hewa, 1:32 inatosha kwa anayechanganya tu. Anayejaribu pampu aliyoifunga upya aweke 1:50 kwenye tangi la petroli kwa tangi zima la kwanza, huku akitia alama kwenye tangi la oili kuona kama inashuka kweli. Usizidishe oili ukidhani unaisaidia injini. Jeti hupitisha ujazo uleule, hivyo oili ikizidi petroli inapungua, na mchanganyiko unakuwa mwepesi.

Oili iwe ya tu-stroki yenye alama ya JASO FC au FD, madaraja ya kiwango cha Kijapani. Oili ya injini ya mipigo minne haikutengenezwa kuungua. Huacha masizi magumu kwenye ringi na kwenye mlango wa moshi. Wa pwani na wa ziwani wawe makini na jambo jingine. Oili ya TC-W3 inayouzwa kwa injini za boti ni nzuri kwa boti, kwa sababu injini hiyo hupozwa na maji na haipati joto kali. Kwenye pikipiki inayopozwa na upepo, tena ikiwa na abiria na mzigo mlimani, haina kinga ya kutosha.

Petroli yenyewe isiwe imechanganywa na mafuta ya taa. Iliyochakachuliwa hugonga ndani ya silinda, na kugonga huko hutoboa pistoni. Ukosefu wa risasi kwenye petroli ya leo usikutie hofu: tu-stroki haina viti vya vali vya kulindwa.

Kompresheni

Ondoa plagi, funga geji ya kompresheni, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki kwa nguvu mara 6 hadi 8. Injini nzima ya aina hii, ukanda wa pwani, hutoa psi 110 hadi 140. Nairobi au Mbeya tegemea pungufu ya asilimia 15 hadi 20 kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo usichonge silinda kwa geji pekee. Chini ya psi 85 itawaka kwa shida, hasa ikiwa na joto.

Geji ikisoma chini, kaza kwanza nati za kichwa cha silinda kwa mshazari na upime tena. Ikibaki vilevile, fungua. Chukua ringi peke yake, isukume ndani ya silinda kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila, vile vibati vya kupimia mwanya. Mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.4 ni wa ringi nzuri. Ukifika 0.7 au 0.8, ringi imekwisha. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika ni hela iliyotupwa: pima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Tofauti kati ya silinda na pistoni, ukipima pistoni karibu milimita 10 kutoka chini ya sketi na kwa kukatisha pini yake, iwe takriban milimita 0.04 zikiwa mpya. Ikikaribia 0.1, chonga na uweke pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya awali. Zinapanda kwa hatua za milimita 0.25.

Hapa ndipo karakana zilizozoea mipigo minne huharibu. Baada ya kuchonga, kingo za milango yote ya silinda zinabaki kali kama wembe. Lazima zivunjwe makali kwa jiwe dogo au tupa laini, mlalo wa nusu milimita hivi, zaidi kwenye mlango wa moshi ambako ringi hutanuka. Silinda isiyofanyiwa hivyo itakamata ringi na kuivunja, pengine hata kabla hujafika nyumbani. Iagize kazi hiyo kwa mdomo wako, na ukiichukua silinda pitisha kidole ndani ya kila mlango kabla ya kulipa.

Wakati wa kurudisha, mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Kila mfereji wa ringi una pini ndogo, na ncha za ringi zikae zikiikumbatia pini hiyo. Ukiisukuma silinda huku ringi imepanda juu ya pini, ringi inakatika. Tumia klipu mpya za pini ya pistoni kila mara, mdomo wa klipu uangalie juu au chini. Ziba chemba ya krenki kwa kitambaa safi kabla hujaanza, kwa sababu klipu ikiruka itaangukia humo tu. Nati za kichwa, zile za milimita 8, kaza kwa hatua mpaka Nm 20 hadi 25.

Moto wa plagi

Plagi kwanza. Mwanya milimita 0.6 hadi 0.7, na namba ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kubadili plagi kuwa ya moto zaidi kwa sababu "inajaa oili" ni kuficha kosa na kuitafutia pistoni tundu. Kofia ya plagi nayo hufa kimya kimya. Nyingi zina kizuizi cha kilo-om 5 ndani. Ipime, mita isiposoma kitu, tupa.

Shikiza plagi kwenye bati la kichwa cha silinda, mbali na tundu lake ili isiwashe mvuke wa petroli, na upige kiki. Unataka cheche ya buluu, nene, inayolia. Nyekundu au njano nyembamba haitoshi, maana ndani ya silinda yenye kompresheni itazimika.

Pikipiki zenye pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, huhitaji kutegwa. Safisha nyuso za pointi kwa tupa ya pointi, kisha vuta karatasi safi katikati ili isibaki chembe. Zungusha magneti mpaka zifunguke kabisa, tega milimita 0.30 hadi 0.40. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, hutegwa baada ya mwanya, kwa sababu mwanya ukibadilika taimingi nayo inahama: ukiongezwa, pointi hufunguka mapema na moto unatangulia, ukipungua, moto unachelewa. Kisigino cha pointi kikilika mwanya hupungua wenyewe, na ndiyo maana pikipiki iliyoachwa miaka miwili bila kuguswa huwa nzito kupanda mlima. Tone la grisi kwenye kipande cha sufi kinachogusa kamu huzuia hilo.

Kutega taimingi kwa uhakika kunahitaji geji ya saa kwenye tundu la plagi. Tafuta kilele cha pistoni, weka sifuri. Rudisha magneti nyuma mpaka pistoni ishuke milimita 4 hivi, halafu izungushe kwa mwelekeo wa injini mpaka geji isome umbali wa kitabu kabla ya kilele. Kwa Yamaha nyingi za silinda moja za enzi hizo ni milimita 1.8, sawa na digrii kama 20 kwa DT 175 ambayo pistoni yake hutembea milimita 50. Hapo hasa ndipo pointi zianze kuachana. Mita ya umeme itakuonyesha, na kama huna, banisha karatasi nyembamba ya sigara kati ya pointi na uivute polepole. Inatakiwa iachie palepale. Kule kurudi nyuma milimita 4 kwanza kunaondoa ulegevu wa beringi. Ukiupuuza, kipimo kinadanganya.

Pointi zikitoa cheche kubwa na nyuso zake zikachimbika haraka, kondensa imekufa. Pikipiki ikizima baada ya dakika 20 za mwendo, ikakataa mpaka ipoe, pima cheche palepale barabarani kabla haijapoa. Cheche ikiwa imepotea, koili au waya wa stata unakatika ukipata joto. Cheche ikiwepo, rudi kwenye petroli na kifuniko cha tangi.

Zenye CDI, yaani moto wa kielektroniki, hazina pointi za kutega, lakini zina mitego yake. Waya wa kuzimia injini, mweusi wenye mstari mweupe kwa Yamaha, hupita ndani ya taa ya mbele na kuchubuka. Uchomoe: cheche ikirudi, CDI yako ni nzima na hukupaswa kununua nyingine. Angalia pia kii ndogo ya nusu mwezi chini ya magneti. Nati ikilegea, kii hukatika nusu na magneti huhama. Cheche ipo nzuri lakini kwa wakati usio wake, na pikipiki hupiga kiki nyuma au kulipuka kwenye ekzosi. Magneti itolewe kwa pula yake tu. Ukiigonga kwa nyundo unapinda krenki na unalegeza sumaku.

Hewa ya wizi

Sehemu hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye majibu mengi. Krenki ina sili mbili, mipira ya kuziba pale inapotokeza kwenye kesi. Ya kushoto, upande wa magneti, ni kavu. Ikichakaa, hewa isiyopita kwenye kabureta inaingia ndani. Dalili zake: ukiachia mkono wa mafuta, injini inaendelea kunguruma juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka, silensa haitulii, leo juu kesho chini, plagi ni nyeupe hata baada ya kuongeza jeti. Hii ni hatari, maana mchanganyiko mwepesi ni joto, na oili kidogo iliyopo haitoshi. Pistoni inakamata.

Ya kulia iko upande wa klachi na imezama kwenye oili ya gia. Ikichoka, injini inanyonya oili hiyo na kuichoma: moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, harufu tofauti na ya oili ya tu-stroki, plagi yenye maji ya oili. Hakikisho ni kipimo cha oili ya gia. Jaza mpaka alama, tembea kilomita 200, pima tena. Oili ya gia haina sababu ya kupungua. Ikiwa imeshuka na hakuna tone chini ya injini, imepitia kwenye sili. Wakati mwingine kinyume chake hutokea, na oili ya gia inanuka petroli.

Kupima chemba yote si kazi ya vifaa vya gharama. Kipimo cha presha ya damu, kile cha mpira wa kukamua kwa mkono na saa yake, kinafaa sana. Toa kabureta na ekzosi, acha plagi imefungwa. Ziba mlango wa moshi kwa kipande cha mpira wa tairi kilichobanwa na bati. Ziba mpira wa bomba la oili ya Autolube. Kwenye mpira wa kabureta ingiza kizibo cha mbao au mpira mgumu kilichopitishwa mrija, kaza klampu, unganisha mrija na kipimo. Zungusha krenki mpaka pistoni iwe chini kabisa ili silinda na chemba ziwasiliane. Kamua mpaka saa isome karibu 300 (milimita za zebaki), yaani bar 0.4. Usipande zaidi, kwani presha kubwa husukuma sili itoke mahali pake. Kwa DT na AG kuingizia hewa upande huu kunafaa, kwa sababu ridi hufunguka kwenda ndani, na mpira wa kabureta wenyewe unapimwa humohumo.

Injini nzima itashikilia karibu palepale kwa dakika 5. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja, tafuta. Pakaa maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya silinda, kichwa, plagi, mpira wa kabureta na maungio ya kesi. Toa magneti na upakae sili ya kushoto. Kwa sili ya kulia, ingiza ncha ya mpira wa kupumulia wa gia kwenye glasi ya maji: mapovu yakitoka, hewa inapita kwenye sili kwenda kwenye gia. Mpira wa kabureta uupinde kwa mkono ukiwa na presha; nyufa zake mara nyingi hazionekani mpaka upindwe. Kwa YB 100, tazama oringi ya kifuniko cha sahani, maana ikigandamana na kuwa bapa inaleta dalili zilezile.

Sili ya kushoto hutolewa kutoka nje mara tu magneti na stata vikiondoka. Ya kulia iko nyuma ya gia ya krenki, na kwenye injini nyingine ina ukingo uliokaa ndani ya mfereji wa kesi, haitoki bila kupasua kesi. Angalia hilo kwanza kabla hujaanza kuchimba na bisibisi. Mpya ipakwe grisi mdomoni, upande wenye springi uangalie ndani, isukumwe kwa soketi yenye kipenyo chake. Angalia na krenki pale sili inapokaa: ukiona mfereji uliochimbika, sogeza sili kidogo ili mdomo ukae mahali papya.

Ekzosi

Pikipiki inayowaka vizuri, inatulia silensa, lakini ikifika mwendo fulani inagoma kama imefungwa kamba, ekzosi yake imejaa masizi. Toa kipande cha ndani cha mkia wa ekzosi, kichome kwenye jiko la mkaa mpaka masizi yakauke, kisha kipige brashi ya waya. Mlango wa moshi wa silinda ukwanguliwe kwa kijiti cha mbao ngumu, pistoni ikiwa imeshuka ili taka zitoke nje. Magadi makali ya kusafishia chuma yanafanya kazi kwenye bomba la chuma tu: weka magadi ndani ya maji, usimwage maji juu ya magadi, vaa glavu na miwani, na yasifike kwenye alumini kabisa.

Usikate ekzosi wala kutembea bila kipande cha ndani ukitafuta kelele. Umbo lake limepimwa ili mawimbi ya moshi yarudi na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka. Walter Kaaden alijenga sifa ya pikipiki za mbio za MZ kule Zschopau, Ujerumani Mashariki, kwa kuelewa jambo hilo hasa. Bomba lililokatwa lina kelele nyingi na nguvu kidogo.

Sasa kabureta

Fungua, toa kila jeti, safisha kwa petroli na upepo. Tundu lililoziba lipitishie uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Waya wa chuma hupanua jeti, na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo. Tazama kitako cha mpira kwenye pini ya choki: kwenye kabureta za Mikuni za aina hii choki ni njia ya ziada ya petroli, na mpira huo ukikatika petroli hiyo haifungi tena. Mchanganyiko unakuwa mzito siku zote, na watu hupunguza jeti bure.

Chujio la hewa liwe mahali pake, limeoshwa na kupakwa oili, kisha likakamuliwa. Bila chujio, vumbi la barabara ya vumbi hula ringi, na kabureta nayo inategwa kwa hewa isiyo yake.

Injini ipashwe joto. Skrubu ya hewa, ile iliyo pembeni upande wa chujio, ifunge taratibu mpaka igote kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Weka silensa juu kidogo kwa skrubu ya slaidi. Sasa izungushe skrubu ya hewa robo kwa robo, ukisubiri injini ijibu kila mara, mpaka upate pale inaponguruma juu kuliko pengine. Kisha shusha silensa. Kufungua ni kuongeza hewa. Kama inapenda chini ya robo tatu ya mzunguko, jeti ndogo ni ndogo mno. Kama inapenda zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa mno.

Katikati ya mvuto wa mkono, kuanzia robo hadi robo tatu, anayetawala ni sindano. Ina mifereji mitano. Klipu ikishushwa, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ikisitasita kwa mwendo wa kawaida na plagi nyeupe, shusha klipu mfereji mmoja. Ikikohoa kwa kuruka mapigo, mlio ukawa kama wa injini ya mipigo minne, ipandishe.

Jeti kuu hujulikana kwa mkono uliovutwa mpaka mwisho tu. Weka plagi mpya, tafuta barabara tupu iliyonyooka, vuta mpaka mwisho gia ya tatu au ya nne kwa mita 500 au zaidi, kisha kwa wakati mmoja bana klachi na zima injini. Usiiache ingurume silensa, itafuta ushahidi. Kwa petroli ya leo rangi ya ncha haisemi mengi; tazama chini kabisa ya kauri, ndani, kwa lenzi. Utepe mwembamba wa kahawia pale ndio unaotaka. Usipokuwepo, ongeza jeti. Vichembe vya kung'aa kama fedha juu ya kauri ni alumini ya pistoni yako: simama hapo hapo, angalia taimingi na hewa ya wizi.

Mwinuko hubadilisha hesabu. Jeti kuu ya 130 inayofaa Dar es Salaam itakuwa nzito Mbeya, ambako 120 au karibu yake itatosha. Ya kuogopwa ni safari ya kinyume. Pikipiki iliyotegwa Nairobi ikishushwa Mombasa bila kubadilisha jeti inakutana na hewa nzito, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na joto la pwani linamalizia. Badilisha jeti kabla ya kushuka.

Na kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, usishuke kwa gia huku umefunga mafuta kabisa. Injini inazunguka kwa kasi na oili karibu haipo, hasa kwa anayechanganya oili kwenye petroli. Bana klachi mara kwa mara, vuta mafuta kidogo, achia. Baada ya kuchonga silinda, fanya hivyo hata kwenye tambarare kwa kilomita 500 za kwanza, bila kuvuta zaidi ya nusu ya mkono wala kushikilia mwendo mmoja kwa muda mrefu. Zikiisha, kaza tena nati za kichwa injini ikiwa baridi, na usome plagi upya.